Kizazi Kinaposhuka: Kutoka Ngazi ya Wagiriki Hadi Picha ya Mwangwi

Ndugu msikilizaji, wahenga wetu walisema mficha uchi hazai. Methali hiyo tumeizoea, na kila mmoja anajua maana yake: asiyekuwa tayari kueleza shida yake hapati msaada. Lakini wahenga hao hao hawakutuambia afanye nini mama ambaye hakuficha, akazaa watoto sita au saba, na baada ya kuzaa ndipo akaanza kuficha. Yapo maradhi yanayoanza pale uzazi unapokwisha. Leo nataka tuyazungumze bila ya kuzungukazunguka: kushuka kwa kizazi.

Najua wapo watakaopunguza sauti ya redio kwa sababu watoto wako karibu, au kwa sababu mkwe yuko sebuleni. Nawaomba wasiipunguze. Hapana jambo la aibu katika mazungumzo haya. Aibu, kama ipo, ni ya sisi tunaosikiliza habari za mpira dakika tisini bila kuchoka, na tukashindwa kusikiliza kwa robo saa habari za mwili wa mama aliyetuzaa.

Tuanze na kueleza ugonjwa wenyewe. Ndani ya nyonga ya mwanamke vimo viungo vitatu vinavyokaa kwa kufuatana: kibofu cha mkojo mbele, kizazi katikati, na utumbo mpana nyuma. Viungo hivi havielei hewani. Vimefungwa kwa kano, na chini yake pametandazwa misuli mipana inayovibeba, mithili ya wavu uliofungwa huku na huku. Wavu huo ukilegea au ukichanika, viungo vinashuka. Pengine kinashuka kizazi, pengine kibofu, pengine utumbo, na pengine vyote pamoja. Mama anahisi uzito chini, anahisi kama kuna kitu kinataka kutoka, anaumwa kiuno, mkojo unamtoka akikohoa au unagoma kutoka akiutaka. Ugonjwa ukizidi, kiungo hutokeza nje kabisa. Watu wengine wanauchanganya na fistula. La hasha, fistula ni tundu, na hapa hapana tundu. Hapa kuna kitu kilichokuwa juu ambacho sasa kimeshuka.

Mimi ni mtoto wa mwambao wa Ziwa Nyasa. Kwetu ni Chiwanda, kusini mwa Mbamba Bay kuelekea mpaka wa Msumbiji, katika Wilaya ya Nyasa, ambayo mpaka mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbinga. Anayeyajua maisha ya pwani ile anajua kazi ya kinamama wake. Muhogo unachimbwa na mama, unabebwa na mama, unalowekwa na mama, unaanikwa na mama, unatwangwa na mama. Kuni zinatoka mlimani zikiwa kichwani pake. Dagaa wakishavuliwa, ni yeye anayewaanika na kuwabeba kupeleka gulioni. Mara nyingi mgongoni yupo mtoto, na tumboni yupo mwingine.

Nilipokuwa mdogo nilizoea kusikia kwamba mama fulani anaumwa kiuno, basi, mazungumzo yakakatika hapo. Nilipokua na kushika kinasa sauti, nilirudi nyumbani kutayarisha kipindi juu ya uzazi, nikamuuliza bibi mmoja kuhusu kiuno hicho. Alicheka kidogo, akaniambia, "Mjukuu wangu, hayo si ya redio." Nilipozima mashine ndipo akanisimulia. Alikuwa nayo tangu mtoto wake wa tano. Alikuwa akijifunga kitenge kwa nguvu ili aweze kulima. Aliacha kwenda kanisani kwa sababu ya harufu ya mkojo, na majirani wakasema ameasi dini. Mumewe alidhani amemchoka. Wengine walinong'ona kwamba amerogwa, na wengine kwamba huo ni mshahara wa mambo aliyoyafanya usichanani. Alipokuwa peke yake alikuwa akivirudisha viungo vyake ndani kwa mkono, kisha anabeba ndoo. Jina lake silitaji. Yasiyo ya redio aliniruhusu niyaseme, mradi nisimseme yeye.

Ndugu msikilizaji, asije mtu akadhani kwamba kumsingizia mwanamke mgonjwa ni ushamba wa Kiafrika. Historia inatuonyesha vinginevyo. Wamisri wa kale waliandika juu ya kizazi kilichoshuka katika nyaraka za mafunjo zenye umri wa zaidi ya miaka 3,500. Hati ile inayoitwa Ebers, ya kiasi cha mwaka 1550 kabla ya Kristo, inataja dawa za kukirudisha mahali pake. Wagiriki waliowafuata, ambao dunia nzima inawasifu kwa elimu, walikuwa na imani kwamba kizazi ni kama mnyama anayetangatanga ndani ya mwili. Plato mwenyewe aliandika hivyo. Basi waganga wao wakamfukizia mwanamke harufu nzuri upande mmoja na harufu mbaya upande mwingine, ili mnyama huyo avutwe au afukuzwe arudi kwake. Walipoona hakurudi, walimfunga mama miguu juu kichwa chini kwenye ngazi, wakaitikisa ngazi ile ili kizazi kidondoke kuelekea tumboni. Wengine walichukua komamanga, wakalitia siki, wakalitumia kama kizibo.

Alikuwapo mtu mmoja aliyekataa mambo haya. Jina lake Soranus, mwenyeji wa Efeso aliyefanya kazi ya uganga mjini Roma katika karne ya 2. Soranus alisema kizazi si mnyama, bali ni kiungo kilichofungwa kwa kano kama viungo vingine, na kano zikilegea kinashuka. Alipinga kuwaning'iniza wanawake. Tazama basi: tangu karne ya 2 alikuwapo aliyesema kweli, na bado ngazi na mafusho viliendelea kwa karne nyingi baada yake. Kwa nini? Kwa sababu hakuna aliyeweza kuona. Kisichoonekana kila mtu hukisemea anavyotaka.

Hapo ndipo inapoingia habari ya picha.

Tarehe 8 Novemba 1895, katika mji wa Würzburg, Ujerumani, Profesa Wilhelm Conrad Röntgen aligundua mionzi ambayo hakujua aiiteje, akaiita eksi, yaani kisichojulikana. Wiki chache baadaye alipiga picha ya mkono wa mkewe, mifupa na pete yake vikaonekana. Dunia ilishangaa. Kwa mara ya kwanza daktari aliweza kutazama ndani ya mtu aliye hai bila kumpasua.

Lakini eksirei ni mpenzi wa mifupa. Nyama laini haioni vizuri, na viungo vinavyoshuka vyote ni nyama laini. Madaktari wakatafuta hila. Waliingiza dawa nzito katika kibofu na katika utumbo ili vionekane vyeupe kwenye picha. Miaka ya 1950 huko Marekani walipitisha mnyororo mwembamba wa shanga za chuma kwenye njia ya mkojo, wakapiga picha mama akiwa amepumzika, wakapiga nyingine akiwa anajikamua, ili waone shanga zinasogea kiasi gani. Huko Sweden, mwaka 1952, daktari Walldén alichapisha kazi yake ya kupiga picha za utumbo wakati mtu anajisaidia. Yalikuwa maendeleo, hapana shaka. Lakini fikiri mwenyewe aibu ya mama yule juu ya meza ile, na mionzi ile ikipita kwenye nyonga zake. Hatari ya mionzi nayo ilikuwa imeanza kujulikana. Mwaka 1956 daktari mwanamke wa Oxford, Alice Stewart, alieleza kwamba watoto ambao mama zao walipigwa eksirei za tumbo wakati wa mimba walikufa kwa saratani zaidi kuliko wenzao. Wengi hawakutaka kumsikiliza, na ilichukua miaka mingi hadi akakubaliwa.

Ilikuwa lazima ipatikane njia nyingine. Njia hiyo ilikuwa sauti.

Sisi watu wa ziwani tunaijua kazi ya mwangwi. Mtu akiwa ndani ya mtumbwi karibu na mwamba akapiga ukelele, sauti inamrudia. Mwamba ukiwa mbali inachelewa, ukiwa karibu inawahi. Popo anafanya hivyo usiku kucha. Wakati wa vita kuu ya kwanza Mfaransa Paul Langevin alitengeneza chombo cha kutuma sauti kali majini, sauti ambayo sikio la mtu haliisikii, ili mwangwi wake uonyeshe mahali ilipo nyambizi ya adui. Baada ya vita ya pili mafundi wa viwandani walitumia sauti ya namna hiyo kutafuta nyufa ndani ya chuma.

Katika mji wa Glasgow, Uskochi, alikuwapo profesa wa ukunga aitwaye Ian Donald. Wakati wa vita alikuwa katika jeshi la anga, akaona maajabu ya rada na vyombo vya mwangwi. Akajiuliza: kama sauti inaweza kuona ufa ndani ya chuma, kwa nini isione uvimbe ndani ya tumbo? Mwezi Julai 1955 alipakia kwenye magari mawili uvimbe uliotolewa kwa wagonjwa wake, akaupeleka Renfrew, kwenye kiwanda cha Babcock & Wilcox kilichokuwa kikitengeneza matangi ya mvuke. Mafundi wa kiwanda nao walileta pande la nyama ya ng'ombe kwa ajili ya kulinganisha. Mashine ya kupimia chuma ikatofautisha uvimbe wa maji na uvimbe wa nyama. Miaka mitatu baadaye, tarehe 7 Juni 1958, Donald pamoja na daktari John MacVicar na fundi kijana Tom Brown walichapisha taarifa yao katika jarida la Lancet. Mmoja wa wagonjwa wao alikuwa mama aliyekwisha kuambiwa kwamba ana saratani isiyotibika. Sauti ilionyesha kwamba ule ulikuwa mfuko mkubwa wa maji tu, wa kokwa la uzazi. Walimpasua, wakautoa, akapona.

Hapa nataka wasikilizaji wa mwambao wa Nyasa wanisikilize vizuri. Glasgow si mji mgeni kwetu. Meli ile ya wamisionari wa UMCA, Chauncy Maples, ambayo babu zetu waliiona ikipita bandari kwa bandari ikiwa na walimu na dawa, ilitengenezwa Glasgow. Ilisafirishwa vipande vipande, ikabebwa hadi ziwani, ikaunganishwa na kushushwa majini mwaka 1901. Mji uliotuletea meli ile ndio uliokuja kuizaa ultrasaundi. Na kama meli ile ilivyoletwa vipande vipande na kuungwa huku huku kwa mikono ya watu wetu, elimu hii nayo haina budi kuungwa huku huku.

Mwanzoni ultrasaundi ilitazama mimba. Ilipofika miaka ya 1980 madaktari walianza kuitumia kutazama sakafu ya nyonga. Namna yake ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Mama anakojoa kwanza, kisha analala chali. Kipimo kile kile cha mviringo kinachowekwa tumboni kutazama mtoto kinavikwa glavu safi na kuwekwa kwa nje, kati ya mapaja. Hakuna kinachoingizwa ndani. Anaambiwa akohoe, abane, kisha ajikamue. Kwenye kioo unaonekana mfupa wa mbele, nyuma yake kibofu, kizazi na utumbo, vyote vikicheza kama sinema. Daktari anachora mstari kutoka ukingo wa chini wa mfupa, anapima kila kiungo kimeshuka sentimita ngapi. Hakuna mionzi, na mama mwenyewe akitaka anaweza kutazama.

Inasaidia nini ikiwa jicho na mkono wa daktari vinaweza kuona uvimbe? Swali zuri. Ni kweli kabisa kwamba ugonjwa huu hutambuliwa kwanza kwa maswali na kwa mkono, na mama wengi hawahitaji picha ili waanze kutibiwa. Tangu mwaka 1996 madaktari wa dunia wana kipimo kimoja cha kukadiria kwa sentimita jinsi viungo vilivyoshuka, na kipimo hicho kinataka kijiti kidogo tu chenye alama. Lakini mkono unaona uso wa mambo. Uvimbe unaotokeza nyuma unaweza kuwa utumbo mpana, unaweza kuwa utumbo mwembamba uliojipenyeza. Kwa nje vinafanana, lakini upasuaji wake haufanani. Picha inavitofautisha.

Na zaidi ya hapo, picha imejibu swali la zamani: wavu ule unachanikia wapi, na lini? Tangu mwaka 1943 daktari mmoja wa Marekani, Gainey, alikuwa ameshaandika kwamba akiwapapasa wanawake baada ya kujifungua anakuta misuli imeumia. Aliandika, ikapita. Wenzake hawakuweza kukiona alichokigusa. Miaka 60 ikapita. Mwaka 2003 daktari John DeLancey wa Michigan na wenzake walitumia mashine ya MRI, ambayo hupiga picha kwa sumaku, kuwatazama wanawake 240. Kati yao 80 walikuwa hawajazaa, na 160 walikuwa wamezaa mara moja kwa njia ya kawaida. Katika wale ambao hawajazaa hakuonekana hata mmoja mwenye msuli uliojeruhiwa. Katika wale 160 waliozaa, 32 walikuwa wamejeruhiwa. Hiyo ni mmoja katika kila watano wa waliozaa.  Sina haja ya kuing'ang'ania asilimia. Kinachotosha ni kwamba upande wa waliozaa majeraha yalikuwapo, na upande wa wasiozaa hayakuwapo.

Mwaka 2005 daktari Hans Peter Dietz na mwenzake Lanzarone huko Australia walitumia ultrasaundi, wakawatazama wanawake kabla ya uzazi wa kwanza na baada yake. Kati ya 39 waliozaa kwa njia ya kawaida, 14 walikutwa msuli umeng'oka pale ulipofungwa kwenye mfupa. Ndugu zangu wavuvi wanaelewa haraka: wavu haukuchanika katikati, bali kamba imekatika kwenye nguzo. Wavu wa namna hiyo ukiuvuta upande mmoja, samaki wanatoka upande wa pili.

Maana yake ni nini kwa yule bibi wa Chiwanda? Maana yake ni kwamba hakurogwa, wala hakuadhibiwa. Aliumia akiwa kazini, katika kazi ya kuleta watu duniani, na hakuna aliyemtazama jeraha lake. Askari akirudi na risasi mwilini tunampa nishani. Mama huyu alirudi na jeraha, tukampa ndoo.

Sasa turudi nyumbani Tanzania. Ukubwa wa jambo hili ulipimwa na watafiti wa Moshi pamoja na wenzao wa Denmark, wakachapisha matokeo mwaka 2018. Waliwachunguza wanawake wa vijijini mkoani Kilimanjaro wa umri wa miaka 18 hadi 90, na hesabu ya mwisho ilikuwa ya wanawake 1,063. Asilimia 64.6 walikuwa na viungo vilivyoshuka kufikia daraja la pili au zaidi. Asilimia 6.7 walikuwa na hali mbaya, viungo vimetokeza nje sentimita moja au zaidi. Waliokuwa hatarini zaidi ni wenye umri mkubwa, waliozaa mara nyingi, wakulima, wachuuzi, waliojifungulia nyumbani, na wanaobeba mizigo mizito kwa saa tano au zaidi kwa siku.

Takwimu hizi ni za Kilimanjaro, si za Nyasa. Lakini nikiisoma orodha ile ya walio hatarini, naona kama imeandikwa na mtu aliyekaa chini ya mwembe Chiwanda akitazama wapita njia.

Hata hivyo tusizisome takwimu kwa pupa. Daraja la pili linawahusu pia wengi ambao kiungo kimeshuka kidogo na hawasikii shida yoyote. Hao si wagonjwa wa kupelekwa kwenye kisu. Na hapa picha zinatufundisha tahadhari nyingine. Mwaka 2016 ilichapishwa kazi iliyowalinganisha kwa ultrasaundi wanawake vijana wa Uganda ambao hawajazaa na wenzao wa asili ya Ulaya. Viungo vya wale wa Uganda vilionekana kusogea zaidi, na nafasi kati ya misuli ilipanuka zaidi, ingawa walikuwa wazima. Kwa maneno mengine, kipimo kilichoshonwa Sydney si lazima kimkae mama wa Mbarara au wa Mbamba Bay. Tukikopa mashine tusikope na hukumu yake yote. Lazima tuwe na wataalamu wetu wa kupima watu wetu.

Wenzetu wa nchi tajiri wameonyesha pia hasara ya kukimbilia. Kuanzia miaka ya 2000 makampuni yaliuza nyavu za plastiki za kushonea ndani ya uke ili kushikilia viungo. Wanawake wengi walisaidika, lakini wengine wengi walipata maumivu makali, nyavu zikatokeza kwenye nyama. Australia iliziondoa mwishoni mwa mwaka 2017, Uingereza ikasimamisha mwezi Julai 2018, na Marekani ikaamuru mwezi Aprili 2019 zisiuzwe tena kwa kazi hiyo. Wanawake wale walipolalamika waliambiwa kwanza kwamba wanajisikia vibaya tu. Nyavu hizo hazionekani vizuri kwenye eksirei. Ultrasaundi ndiyo iliyozionyesha waziwazi, zilipokunjamana na zilipohama. Kumbe hata huko kwenye kila kitu, mama hakuaminiwa mpaka picha ilipomtolea ushahidi. Mimi nasema isiwe lazima kungoja picha ndipo tumwamini mtu anaposema anaumwa.

Basi tufanye nini? Naona mambo manne.

La kwanza, mashine. Mashine za MRI ziko katika hospitali chache kubwa za mijini, na mama wa Chiwanda hahitaji kuota ndoto hiyo. Lakini ultrasaundi za kutazama mimba zimeenea, hasa tangu Shirika la Afya Duniani liliposhauri mwaka 2016 kwamba kila mjamzito apigwe walau mara moja kabla ya wiki ya 24. Mashine hiyo hiyo, na kipimo hicho hicho, kinaweza kutazama sakafu ya nyonga. Kinachotakiwa ni mafunzo kwa wanaoishika. Kununua mashine ya pili hakuhitajiki. Kinahitajika kichwa cha pili cha kuitumia.

La pili, swali. Mama anaporudi kliniki na mtoto wake, mtoto anapimwa uzito, anachanjwa, anaandikiwa kadi. Mama anaulizwa nini? Naomba wauguzi wetu waongeze sentensi moja tu: "Mama, unahisi kitu chochote kinashuka chini?" Swali hilo halina gharama, halihitaji umeme, wala halisubiri bajeti.

La tatu, tiba zisizo za kisu. Tangu mwaka 1948 daktari Arnold Kegel wa Marekani alieleza mazoezi ya kubana na kulegeza misuli ile, kama mtu anayezuia mkojo. Yanasaidia hasa ugonjwa ukiwa mdogo. Ipo pia pete laini ya mpira inayowekwa ndani kushikilia viungo, mjukuu wa lile komamanga la Wagiriki. Inachaguliwa kwa kipimo, inasafishwa, na mama anaendelea na kazi zake. Ikishindikana, upasuaji upo, na picha itamsaidia mpasuaji kujua ashone wapi. Mama asiweke majani wala dawa za kienyeji ndani ya uke, maana zinaunguza na kuleta vidonda. Na akiona kiungo kimetoka kimegoma kurudi, au mkojo umefunga, au damu inatoka, hiyo si shauri ya kungoja gulio lijalo. Ni safari ya siku hiyo hiyo. Lami sasa imefika Mbamba Bay kutoka Mbinga, safari ya hospitali si ile ya zamani.

La nne ni letu sisi wanaume. Mzigo haujui jinsia. Baiskeli na pikipiki zinabeba muhogo vizuri kuliko shingo ya mwanamke aliyejifungua mwezi uliopita. Mwanamume anayetaka mkewe awe na afya hahitaji kusubiri utafiti mwingine kutoka Moshi. Atoke aende kuchota maji. Watakaomcheka wamcheke.

Ndugu msikilizaji, kutoka ngazi ya Wagiriki hadi kioo cha ultrasaundi ni safari ya zaidi ya miaka 2,000. Katika safari yote hiyo mwanamke amekuwa akisema kitu kimoja tu: kuna kitu kinashuka. Sasa tunaweza kukiona na kukipima. Kama ndani ya nyumba yako yupo mama, dada, shangazi au bibi ambaye siku hizi haendi tena kanisani, msikitini au kisimani, na akiulizwa anajibu kwamba ni kiuno tu, kaa naye jioni hii, mwulize kwa adabu, na kesho mpeleke.

Kwa leo naishia hapo. Tukijaliwa tutakutana tena wiki ijayo, saa kama hii. Kwaherini.